Maharage ya Jumatano na Taa Nyekundu

Keza mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nimekuona nusu saa iliyopita ukitoka kwenda kuwaaga rafiki zako wa Vällingby, koti wazi, kichwa wazi, na theluji inaanguka. U mzima, nina hakika. Mimi pia ni mzima, ila moyo umekuwa mzito tangu asubuhi na sitaki kulia mbele ya masanduku.

Sasa ni saa kumi na moja na robo jioni. Taa ya ukutani imeshakuwa nyekundu, jiko limelala, mashine ya kufulia imelala, na mimi nimekaa mezani na mshumaa, sina kazi ya kufanya mpaka saa mbili. Kila msimu wa baridi kwa miaka minne sasa, saa hizi tatu zimekuwa zangu. Humu nimefuma soksi, nimesoma Kiswidi, nimegombana na baba yako. Leo nakuandikia wewe, tena kwa Kiswahili, na najua utasoma polepole huku unachezesha midomo. Soma tu, kutoka hapa mpaka chuoni kwako Luleå ni mbali na treni haina haraka.

Mambo ya kufunga mlango, kutolala na nywele mbichi na kupiga simu kila Jumapili siyaandiki. Baba yako ameshayaandika yote kwenye karatasi iliyo mlangoni mwa jokofu, kwa herufi kubwa, kama matangazo ya kule kwenye basi analoendesha. Mimi nataka kukuandikia habari za maharage.

Najua unacheka. Ulikuwepo, unayajua. Lakini upande wangu hujawahi kuusikia, kwa sababu upande wangu una aibu, na aibu zangu mimi huwa nazikunja vizuri na kuzisukuma chini ya kabati.

Ulikuwa na miaka kumi na minne yule kijana wa kampuni ya umeme alipokuja kutukusanya kwenye ukumbi mdogo ulio kando ya chumba cha kufulia. Sisi tunaopanda ngazi za mlango wa 14, nyumba kumi na mbili, tulikaa upande mmoja. Wenzetu wa mlango wa 16 wakakaa upande wa pili, kama harusi ya watu wasiopendana. Kijana akaeleza. Jioni, watu wote wa Stockholm wakirudi kazini, wanawasha majiko na mashine kwa wakati mmoja, umeme unagombaniwa, na inabidi iwashwe mitambo ya mafuta, michafu na ya gharama kubwa. Asubuhi ni vilevile. Kwa hiyo kila nyumba ingepewa kidude cheupe cha kubandika ukutani jikoni. Taa ikiwa ya kijani, tumia upendavyo. Ikiwa nyekundu, saa moja hadi saa tatu asubuhi na saa kumi na moja hadi saa mbili jioni, punguza. Ukitumia chini ya kawaida yako unapata pointi, na pointi unazibadilisha kwa vitu. Tena milango ingeshindanishwa, na orodha ingebandikwa chini, pale penye masanduku ya barua, kila mtu aone.

Watu walikunja nyuso. Birgitta wa ghorofa ya chini, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliuliza maswali mawili na bado hakuridhika. Mimi nilielewa kabla kijana hajamaliza. Kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, upande wetu tulikuwa na bomba moja la maji, na saa kumi na mbili asubuhi kila mama alikuwa hapo na ndoo, na matusi juu. Aliyekuja saa nne alijaza yake akaenda zake. Jambo lenyewe ndilo hilo, basi. Ningeweza kusimama nikalieleza na wote wakaelewa. Lakini ili kulieleza ilikuwa lazima niitaje kambi, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba Sweden hakuna atakayejua kuwa mimi ni mtu wa kambini. Hata wewe uliyezaliwa humo nilikuwa nakuambia tu kwamba tulikaa Tanzania. Nikala biskuti.

Ila niliamua kushinda. Hilo hukulijua. Ulidhani nataka pointi. Mwanangu, mimi nilikuwa nimeishi Tensta miaka tisa, nasafisha madarasa, watu wananipita na kindoo changu wanasema "hej hej" bila kuniangalia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo lolote akasubiri jibu. Halafu wiki ya tatu nikashuka kuchukua barua, nikaona orodha, na jina letu liko juu kabisa ya nyumba zote za mlango wa 14. Nilisimama pale na viatu vyangu vya theluji nikalisoma mara nne. Nilitamani mtu apite ili nijifanye nimeliona wakati uleule.

Kuanzia hapo nikawa mkali. Nilizima taa watu wakiwa chooni. Baba yako alikatazwa kunyoa kabla ya saa tatu, akaenda kazini na ndevu wiki nzima mpaka abiria wakamuuliza kama amefiwa. Wewe ulinipenda nilivyokuwa, ukachora ile grafu ya nyumba yetu ukaipeleka shuleni, mwalimu akaibandika ukutani. Ulirudi unaruka. Ulisema mbele ya darasa zima umesema, "Min mamma är bäst i huset." Mama yangu ndiye bora kwenye jengo. Hujui neno hilo lilinifanya nini. Nilikwenda bafuni nikafungua maji nikalia.

Tatizo lilikuwa Jumatano.

Jumatano ni siku ya kwaya, na kwaya ni sisi Warundi, Wanyarwanda, Wakongomani na yule Mkenya mmoja mwenye sauti ya chini. Wanafika saa kumi na mbili, wametoka kazini, wana baridi na njaa. Mtu hawezi kuja nyumbani kwangu akaimba akaondoka bila kula, na siwezi kumpa mgeni chakula kilicholala jana. Maharage yanataka muda wa saa mbili. Mimi natoka kazini saa kumi na nusu. Piga hesabu mwenyewe, ni saa zile zile nyekundu.

Jumatano ya kwanza nilipika, na asubuhi yake jina letu likashuka nafasi mbili. Jumatano ya pili nilibeba sufuria nikavuka uwanja nikaenda mlango wa 16, kwa Mama Riziki, yule Mkongomani wetu anayeishi peke yake.

Nilimwambia jiko letu linasumbua. Yeye hakuuliza hata swali moja. Alisogeza vyombo vyake pembeni, akaniwekea kiti, tukapiga soga. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata, mara nyingine sufuria mbili na trei ya sambusa kwenye oveni. Wewe ulikuwa na mazoezi ya mpira wa kikapu mpaka saa kumi na mbili na nusu, ukirudi unakuta chakula mezani, taa ya jikoni haina makosa, na mama bingwa. Jina letu likarudi juu likakaa. Na mlango wa 16, waliokuwa wa kwanza mtaani, wakaanza kuteremka.

Nilijua, Keza. Sitaki nikuambie kwamba sikujua. Mama Riziki hakuwa anasoma zile karatasi za Kiswidi, alibandika kile kidude kwa sababu aliambiwa abandike. Mimi nilizisoma. Nilijua mzigo haukupungua, nimeuhamisha tu nikauweka mgongoni mwa mtu asiyeona. Lakini kila nikipita pale chini nikiona jina letu, nilisema bado wiki moja tu.

Halafu Mama Riziki akaja na ile karatasi. Unakumbuka, ilikuwa Jumatatu, uko mezani na vitabu vyako. Akaingia na koti la nyumbani na bahasha, kama walivyokuwa wanakuja wazee wote wa kwetu, maana wewe ndiye uliyewasomea barua za ofisi tangu ukiwa na miaka tisa.

"Keza, mutoto yangu, unisomee hii. Wameibandika ku mulango yangu. Banasema nini?"

Ukasoma kimya kwanza. Nikaona uso wako unabadilika. Ilikuwa barua ya majirani wake wa mlango wa 16, bila jina, ya adabu sana, ile adabu ya Kiswidi inayouma. Wanamwomba afikirie wenzake. Wameonyeshwa kwamba nyumba yake inatumia umeme mwingi kupita kiasi kila Jumatano, kati ya saa kumi na moja na saa mbili. Wanamwuliza kama anaelewa maana ya kuishi pamoja.

Ulimtafsiria neno kwa neno. Mama Riziki akashika kifua. "Miye? Mais miye niko peke yangu, nakula mukate na chai tu!" Kisha akaniangalia, si kwa hasira, akaniangalia tu. Akakunja karatasi yake. "Hakuna neno, Mama Keza. Sisi ni bandugu." Akatoka.

Wewe ulisema neno moja. "Fusk." Nililijua neno hilo kutoka shuleni ninakosafisha, ndilo wanalomwambia mtoto aliyekopia mtihani.

Nikakupigia kelele. Nilikuambia nilikubeba tumboni kuvuka mto, na wewe unaniita mwizi kwenye meza niliyoinunua mimi. Nikakukataza kusema neno hilo kwa mtu yeyote, nikakutuma chumbani. Jumatano kwaya walipokuja, nilikuwa nimepika kwetu wenyewe kwa hofu, taa nyekundu, madirisha yana mvuke, na wewe ukakaa katikati yao na sahani tupu. Walikuuliza unaumwa. Ukasema, "Sina njaa ya haya." Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi.

Hiyo grafu yako uliitoa ukutani darasani siku ya pili. Hukuniambia. Mwalimu wako ndiye aliyeniambia, nikiwa napiga deki ukumbini shuleni kwenu. Alisema umemwambia tu kwamba haikuwa sahihi. Hukumtaja mama yako. Nikamaliza kupiga deki ule ukumbi, nikaupiga tena mara ya pili, maana sikujua pa kwenda.

Nimekosea mengi maishani, na mengi niliyakosea kwa njaa au kwa woga, na hayo nimejisamehe. Hili nilikosea kwa kutaka kuonekana. Nakuambia kwa sababu unakwenda mahali ambapo hakuna anayekujua, na hamu ya kuonekana itakukuta huko, tena itakuja na sura nzuri sana. Ilinikuta mimi na miaka yangu arobaini na mmoja.

Mkutano wa mwezi ulikuwa Alhamisi. Ulidhani nitakuomba uje unitafsirie, na nadhani ungekataa. Nilikwenda peke yangu na Kiswidi changu cha kindoo. Kijana wa umeme alipouliza kama kuna la ziada nikasimama. Nilisema, "Jag kokar bönor i sexton." Napika maharage kwenye kumi na sita. Wakanitazama. Nikarudia polepole, nikamwonyesha Mama Riziki kwa mkono, nikasema yeye hana kosa, maharage ni yangu, sambusa ni zangu, pointi ni za uongo, na barua ile walioiandika wakamwombe radhi, mimi nimeshamwomba. Halafu Kiswidi kikaniishia nikakaa.

Nikageuka nyuma. Ulikuwa umesimama mlangoni muda wote, na mpira wako chini ya kwapa.

Walitunyang'anya pointi zote, wakawarudishia 16 nafasi yao, na mlango wetu ukaangukia mkiani. Majirani watatu hawakunisalimia mpaka Krismasi. Lakini usiku ule ulikula, ulikula sahani mbili za maharage ya jana yake, tena ya baridi. Kisha ukaniuliza swali ambalo ndilo hasa sababu ya barua hii. Ukaniuliza, "Mama, kule kambini, kuni zikiisha mlikuwa mnapikaje?"

Kumbe ulijua. Ulijua siku zote kwamba ni kambi. Baba yako, mdomo wake huo.

Nikakaa chini nikakueleza. Kuni zilikuwa za kupimiwa, na kuzifuata msituni ilikuwa hatari kwa wanawake. Kwa hiyo maharage tuliyaloweka, tukayachemsha kwa nguvu muda mfupi tu, halafu tukaiepua sufuria na mfuniko wake, tukaifunga kwa makaratasi na blanketi, tukaifukia ndani ya kapu. Maharage yanajipika yenyewe humo. Unakwenda shambani, unarudi jioni, yameiva, na bado yanaunguza ulimi. Nilikuwa nimekaa na ujuzi huo jikoni kwangu majira yote yale, nikaona afadhali kudanganya kuliko kufunga sufuria kwenye blanketi mtu akaniona.

Ukainuka, ukaingia chini ya kabati, ukalitoa lile blanketi la kijivu la wakimbizi nililodhani hujui lilipo.

Jumatano iliyofuata niliamka saa kumi na moja asubuhi. Kufikia saa kumi na mbili sufuria ilikuwa imechemka na imefungwa, wewe ukiwa na nguo za kulala umeshika kamba, baba yako akishauri fundo ambalo hakuna aliyeliomba. Tukaiweka kwenye sanduku la plastiki nyuma ya mlango. Kutwa nzima kazini nilikuwa naiwazia. Saa moja jioni, kwaya imekaa, taa nyekundu juu ya vichwa vyao na jiko baridi kabisa, ukafungua fundo. Mvuke ulipotoka yule Mkenya wetu akasema "Haki ya Mungu!" kwa sauti yake ya chini mpaka glasi zikalia. Maharage yalikuwa laini kama siagi. Tulikula kwa mishumaa tukaimba mpaka Birgitta akapanda ngazi. Nilidhani amekuja kulalamika, kumbe alitaka kuona sufuria.

Mengine unayajua, lakini niache niyasimulie, ni matamu kwangu. Birgitta alijaribu supu yake ya njegere ya Alhamisi akaifunga kwenye duveti ya marehemu mumewe. Kisha akaniomba niwafundishe wengine. Mimi! Kwenye ukumbi uleule, na wewe pembeni ukinitupia maneno yaliyonipotea. Niliwaambia habari ya bomba la maji pia. Nilisema "kambini" waziwazi, mara ya kwanza, na hakuna aliyeanguka. Yule Msomali wa ghorofa ya tatu akasema hata mama yake aliufunga wali hivyohivyo. Kufikia Februari, jioni ukipita ngazi zetu unasikia harufu ya vyakula kumi na mbili na hakuna jiko hata moja linalowaka. Nafasi moja baada ya nyingine tukapanda. Machi tukamaliza wa kwanza, mbele ya 16, mbele ya mtaa mzima, kwa haki, na Mama Riziki akatupigia vigelegele ingawa ni wa upande ule. Ile keki ya kijani ya washindi walinipa mimi kisu niikate. Wewe ulinipiga picha nimefumba macho. Sijali, niliitia kwenye fremu.

Na kompyuta hiyo iliyo ndani ya begi lako ni pointi za baridi nne. Ukiifungua chuoni wakakuuliza ni aina gani, waambie ni ya maharage.

Sasa la mwisho. Utakuwa unasoma haya treni ikiwa imeshapita mji wa Gävle, kwa hiyo mambo ya asubuhi utakuwa umeyaona. Kesho ni Jumatano, na kwaya wataingia saa moja kamili kukuimbia kabla ya kwenda kazini. Utakuwa umetoka chumbani ukakuta taa nyekundu kuliko ulivyowahi kuiona, jiko lote linawaka mbele na nyuma, oveni, birika, taa za kila chumba, mama yako anageuza chapati. Nakujua, utakuwa umepiga kelele, "Mama, taa nyekundu!" nami nitakuwa nimekuambia kaa ule. Jibu lenyewe ni hili.

Leo mchana nilishuka kwa Birgitta kumwambia kwamba kesho nitawaharibia, nikaomba radhi mapema. Mtoto wangu hawezi kuondoka na chapati iliyopikwa saa kumi usiku ikapoa. Akanisikiliza, akachukua kalamu, akagonga milango yote. Amerudi saa tisa na karatasi ina sahihi za nyumba kumi na moja. Kesho, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, hakuna atakayewasha jiko, watakunywa kahawa ya chupa ya chai na kula mkate mkavu, ili sehemu zao za umeme nipewe mimi nizipikie. Mama Riziki naye akaja mbio kutoka 16, "Mama Keza, leta sufuria kwangu!" Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Nikamwambia hapana, safari hii napika kwangu, na wote wanajua.

Kwa hiyo chapati ulizokula asubuhi zilipikwa na nyumba kumi na mbili.

Chini ya kiti chako kuna kile kifurushi ulichouliza ni nini, nikakuambia usikiguse kabla ya Gävle. Ndilo blanketi la kijivu, sikulirudisha chini ya kabati. Ndani yake mna sufuria ndogo, na kijiko kiko mfuko wa pembeni.

Fungua fundo, mwanangu. Bado ni ya moto.

Mama